Hodi kwa Bibi wa Chini

Uso wa Bibi wa Chini niliuona kwenye kanga kabla sijauona kwenye ripoti. Mwanamke aliyekaa mbele yangu katika boti alikuwa amejifunga kanga mpya, na kila alipoinama kushika kikapu chake, bibi yule alinitazama kutoka kiunoni mwake: paji pana, macho ya kuchokoza, kinywa kimefunguka kidogo kuonyesha mwanya katikati ya meno ya juu. Chini yake pameandikwa KWETU NI CHINI YA MAJI. Mtu amekufa miaka elfu kumi na moja iliyopita na tayari ana kanga. Nikaanza kushuku pale pale.

Kushuku ndiyo kazi yangu. Naitwa Mize Faki, mkaguzi wa Baraza la Nchi Zilizozama, na wenzangu ofisini wameniita Bi Shaka kwa muda mrefu hata wageni hudhani Shaka ni jina la baba yangu. Sina kinyongo nalo. Nimewahi kupelekewa fuvu la kale lenye jino lililozibwa na daktari, nami ndiye niliyeliona.

"Huyo ni nani?" nikamuuliza mwanamke yule, ingawa nilijua.

"Bibi yetu wa Kijunde. Hujamsikia? Alikuwa akikaa huko chini kabla maji hayajaja." Akanitazama vizuri. "Weye si mtu wa hapa."

"Natoka mjini."

"Ndiyo maana. Watu wa mjini hata bibi zao hawawajui."

Boti nzima ikacheka, nami nikacheka nao, maana lilikuwa pigo zuri. Lakini macho yangu yalikuwa upande wa bara, ambako meli tatu za kunyonya mchanga zilikuwa zimetia nanga, midomo yao ya chuma imeinuliwa juu ya maji. Zilikuwa zinanisubiri mimi. Nikiweka sahihi yangu kwenye ripoti kwamba Bibi wa Chini ni wa kweli na kwamba ukoo wake ni watu wa Kijunde, meli zile zingeng'oa nanga na kwenda zake, kwa sababu sheria inasema nchi iliyozama haichimbwi bila ridhaa ya wajukuu wa waliokaa juu yake. Nikisema si kweli, zingeanza kunyonya. Na kisiwa cha Kijunde, ambacho pwani yake ilikwisha kubomoka mpaka minazi ya mwisho inaogelea, kingefuata mchanga wake shimoni.

Mwanamke wa kanga alishuka Kijunde. Boti ikaendelea nami hadi jukwaani.

Jukwaa la utafiti lilikuwa limesimama katikati ya mkondo, miguu minne ya chuma ndani ya maji. Aliyenipa mkono kupanda ngazi alikuwa mwanamume wa umri wangu, mabega mapana, suti ya kuzamia imevuliwa nusu na kufungwa kiunoni.

"Karibu, Bi Mkaguzi. Mie Ame Mcha, mzamiaji, mtu wa Kijunde." Akatabasamu. Mwanya ule ule. Si mwanya unaofanana. Ule ule, na jino la kushoto limepinda kidogo kama la bibi. "Usinitazame sana hivyo. Nina mke, na mkali."

"Umefanana na bibi yako," nikasema.

"Kila mtu ananambia. Mie najivunia, basi."

Nyuma yake alikuja Nasra Bakame, mkuu wa utafiti, ambaye niliwahi kukaa naye dawati moja chuoni. Alinikumbatia kwa nguvu zaidi kuliko tulivyozoeana. "Shoga, umekuja kunifunga?"

"Kama kuna la kukufunga."

Akacheka, lakini aliniangalia mara mbili. Mtu wa tatu alikuwa amesimama kivulini, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Huyu alikuwa Bwana Lukindo, mjumbe wa kampuni ya Nchi Mpya, wenye zile meli. Sheria inampa ruhusa ya kuwepo ukaguzini, naye alikuwepo kwa adabu zote. Alininyooshea chupa ya maji baridi.

"Dakta Mize, sitaki kukuharakisha," akasema kwa sauti ya chini. "Ila familia zilizofukuzwa na maji mjini bado zinalala kwenye mahema. Huo mchanga ni ardhi yao. Ukiona jambo lolote lisilo sawa, nakuomba useme tu."

Nilipokea chupa ile, nikaishika kutwa nzima, sikuifungua.

*

Maabara ilinuka klorini. Katikati ilikaa Kisomatope, mashine yenye ukubwa wa friji ya soda, inanguruma pole pole. Kazi yake naijua kama ninavyojua kupika wali. Bomba la chuma linashushwa pima kumi na tano hadi chini, linadidimizwa kwenye tope jeusi la mikoko ya kale, linapandishwa limejaa. Mashine inanyonya tope kupitia vitundu vilivyo ukutani mwa bomba, inachambua, inatoa vinasaba vya kila kilichowahi kuishi pale: mti, samaki, paa, mtu. Maana zamani, barafu ya dunia ilipokuwa nyingi na bahari iko chini, pale palikuwa nchi kavu, na mtu aliweza kutembea kwa miguu kutoka bara hadi Unguja akilala njiani.

Nasra alinionyesha picha za chini kwanza, na nakiri kwamba moyo ulinipiga. Kamera ilipita juu ya tope, ikasimama penye mafiga matatu. Mawe matatu, yamekaa karibu karibu, meusi kwa ndani. Pembeni rundo la makombe ya chaza. Mtu angedhani mpishi katoka kuchota maji na atarudi.

"Hayo hakuna wa kuyatia," akasema Nasra. "Yameota chumvi na tope la miaka elfu kumi na moja. Shuku utakavyo."

"Mafiga siyashuku. Namshuku bibi."

Tatizo la vinasaba vya kale ni kwamba vimechakaa. Vinakuja vipande vipande, ncha zake zimetoka nyuzi kama mkeka uliolaliwa miaka. Kwa hiyo Kisomatope imefundishwa kushona. Pale penye tundu inatafuta kipande kinachoelekea kufaa, inatia, inaendelea, mpaka ipate mtu mzima mwenye uso. Kisha inamlinganisha na Hazina ya Damu, ambamo kila mtoto wa nchi hii huingizwa kwa tone la damu ya kisigino siku anayozaliwa, na inatoa jina la ukoo. Jina la mtu haitoi, sheria imekataza. Baraza linakubali bibi aliyeshonwa. Mimi sijawahi kupenda.

"Nitolee vipande kabla ya kushonwa," nikasema.

"Hakuna mkaguzi anayeviomba hivyo."

"Mimi naviomba."

Alibonyeza akinipa kisogo. Vipande vikajipanga kwenye skrini, na havikuhitaji dakika ya kutazamwa. Palikuwa na mafungu mawili. Fungu la kwanza dogo, vipande vifupi, vimetoka nyuzi, vyote vya mwanamke. Hicho kilikuwa kitu cha kale hasa, bila mjadala. Fungu la pili kubwa, vipande virefu, ncha zimenyooka, vipya kama vilivyotoka dukani jana. Na ndani ya fungu la pili, mashine ilikuwa imevitenga kando vipande ambavyo haikujua ivishone wapi.

"Nasra, bibi yako ana vinasaba vya kiume."

Alikuja akasimama begani kwangu.

"Haiwezekani."

"Bibi wa kweli yupo, ni haka kafungu kadogo. Lakini tundu zake zimezibwa na mwanamume. Tena mwanamume aliye hai. Paji si lake. Mwanya si wake."

"Unasema mimi nimetia?"

"Nasema vimo."

Akakaa kitini taratibu. "Mashine inaondoa vinasaba vya kila mtu anayeingia maabara. Vyangu, vya wasaidizi, vya mfagizi. Imefundishwa."

"Na watu wa sitahani?"

"Wa sitahani hawaingii humu. Ame hajawahi kuvuka ule mlango." Kisha akageuka, na machozi yalikuwa karibu. "Mize, mabomba yale naosha mwenyewe mpaka mikono inanichubuka. Tumekaa dawati moja. Unanijua."

Nilimjua. Lakini nilijua pia kwamba Nasra anaipenda Kijunde, kwamba alilala huko miezi mingi na alipewa jina huko. Mtu anayependa sana hushawishika. Halafu nikamfikiria Lukindo. Nani anafaidika na bibi wa bandia aliyeshonwa vibaya kiasi cha kuonekana na mkaguzi yeyote mwenye macho? Si Kijunde. Bibi akianguka, meli zinaanza kazi. Tone moja la mate ya mzamiaji si kitu kigumu kupata, mtu akinywa chai naye meza moja. Na Ame mwenyewe, mbona alitabasamu sana?

Niliwashuku wote watatu na sikumpunguzia mmoja.

"Sawa," nikasema. "Nionyesheni kazi yote kuanzia mwanzo. Kama mlivyofanya siku ile, msiongeze wala msipunguze. Nitarekodi."

*

Nilisimama sitahani juani, kamera yangu imefungwa kifuani, na sikupepesa.

Bomba lilichemshwa. Likaoshwa kwa klorini, likasuuzwa, likaoshwa tena. Nasra alivaa glavu mbili mbili, barakoa, kofia ya nailoni, na kila aliyesogea hatua chache akafokewa. Msaidizi mmoja alipiga chafya nje kabisa, karibu na ngazi, akafukuzwa sitahani. Nilikagua glavu. Nilikagua ndoo. Niliingiza kipimo changu ndani ya bomba, nikakuta halina vinasaba vya mtu. Nilimtazama Lukindo mikono: aliifunga mgongoni, hakugusa kitu. Nilimtazama Ame: glavu safi, zimefungwa kwa utepe kwenye kifundo.

Ame akalibeba bomba hadi penye winchi, akaliombea dua kama ilivyo ada, tukaitikia Amin, akalishusha, kisha akavaa mtungi wake akalifuata majini kuliongoza hadi kwenye mafiga.

Lilipopanda nikalisindikiza mwenyewe hadi maabara. Hakuna aliyelikaribia. Kisomatope ikanguruma. Ikatoa mafungu mawili, dogo na kubwa. Mwanamume yumo.

Nasra aliniangalia kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Umeona? Umekuwa nasi muda wote. Nani katia?"

Kutojua huniudhi kuliko kudanganywa. Nikaenda chumba cha kulia chakula, nikafungua rekodi yangu, nikaitazama huku chai inapoa. Kuchemsha, klorini, glavu, kipimo. Hakuna. Nikairudisha. Mara ya pili nikaacha kutazama mikono nikatazama nyuso, na ndipo nilipomwona.

Ame amesimama penye winchi. Bomba limelazwa mikononi mwake kama mtoto. Anashusha barakoa chini ya kidevu, maana dua haisomwi kwa mdomo uliofungwa. Midomo inacheza. Anamaliza, anauinamia mdomo wa bomba, anapulizia ndani: tfu, tfu, tfu. Kama alivyofanyiwa yeye utotoni alipoumwa, kama mama yangu alivyonipulizia kichwani kila nilipokwenda kwenye mtihani. Kisha anapandisha barakoa.

Nasra, mwenye glavu mbili mbili, anasema Amin. Wasaidizi wanasema Amin. Bwana Lukindo, Mkristo wa Upareni, ameinamisha kichwa kwa heshima, anasema Amina. Na karibu kabisa na kamera inasikika sauti ya mwanamke, wazi kuliko zote, inasema Amin. Ni yangu.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa nimelipwa kutoamini kitu. Nikalitazama tukio lile kwa macho yangu yote mawili nikaliitikia.

Nilimwita Nasra, nikamwonyesha bila kusema. Alitazama mpaka mwisho. Alianza kwa kucheka, kisha uso ukamwanguka.

"Nimemfundisha kila mtu asikohoe," akasema. "Asipige chafya, asiongee karibu. Na kila bomba, kila siku, dua. Sikuwahi kuihesabu kuwa ni mdomo. Mate ya dua, Mize. Nani anayaona kuwa uchafu?"

"Hakuna aliyeiba, basi."

"Hakuna." Akanishika mkono. "Kwa hiyo usiseme."

"Nasra."

"Nisikilize. Mafiga ni ya kweli. Bibi ni wa kweli, umemwona, kafungu kadogo lakini yupo. Kilicho cha uongo ni jina la mwenye nyumba tu. Ukisema, watanyonya mafiga, watanyonya kafungu kenyewe, watanyonya na Kijunde. Kwa sababu ya mate. Nani atadhurika ukinyamaza?"

Sitaficha: hoja yake ilinishika. Nilikaa pale na chai yangu baridi nikajaribu kuwaona watakaodhurika. Niliwaona wa kwenye mahema, lakini hao wangeweza kupata mchanga kwingine kwa gharama kubwa zaidi. Niliyafikiria madai mengine ya pwani nzima, mabonde mengine yenye wenyewe wa kweli. Siku mate haya yakijulikana, kila bibi wa chini ataitwa mate. Halafu nikamwona yeye mwenyewe, yule mwanamke wa mafiga. Kila kilichobaki kwake ni vipande vichache vilivyotoka nyuzi, nasi tulivichukua tukamvisha uso wa mzamiaji, tukamuuza kwenye kanga. Nikinyamaza, hatatafutwa tena na mtu, maana atakuwa ameshapatikana.

"Nitamwambia Ame kwanza," nikasema.

*

Ame alikuwa anasuuza vifaa kwa maji baridi. Nilimweleza yote, polepole. Utani ulimtoka usoni kidogo kidogo mpaka akabaki mtu nisiyemjua.

"Mama yangu anakaa nyumba ya mwisho pwani," akasema hatimaye. "Maji yakijaa yanaingia hadi jikoni. Siku walipoleta ule uso alilia, akasema huyu ni dada yake mtupu. Sasa niende nikamwambie ni mie?"

"Baraza linakaa leo Kijunde alasiri. Nisingependa ulisikie huko mbele za watu."

"Usingependa." Akafunga bomba la maji. "Dada Mize, wewe ulikuja kutafuta mwizi. Umekosa mwizi, umepata dua. Nayo unaipeleka mahakamani."

Akanipa mgongo. Sikujua angesema nini akiitwa mbele ya Baraza. Mtu mwenye mama jikoni mwa bahari anaweza kusema lolote, na ningemwelewa, lakini nilipanda boti nikiwa namshuku.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa skuli ya Kijunde. Wanawake walijaa upande mmoja, na Bibi wa Chini alinitazama kutoka kwenye kanga nisizoweza kuzihesabu. Mwenyekiti, Bi Salha Haroub, mama wa makamo mwenye sauti kavu, alinipa nafasi ya kwanza.

Nilisema. Nilionyesha mafungu mawili. Nilionyesha rekodi, na ilipofika penye Amin niliiacha isikike yote, yangu ikiwemo. Nikasema: sampuli imeingia mate ya dua; hapana aliyefanya hila; ukoo uliotajwa hauwezi kusimama. Nilisema pia kwamba fungu dogo ni la mwanamke wa kale wa kweli, ambaye uso wake hatuujui.

Yule mwanamke wa botini alikuwa mstari wa mbele. Alisimama, akaifungua kanga yake, akaigeuza ndani nje, akaifunga tena, akakaa. Wengine wakafanya hivyo mmoja mmoja.

Bwana Lukindo aliomba kumuuliza Ame. Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Ndugu Ame, ulikuwa ukijua kwamba mate yanaingia kwenye bomba?"

"Nilijua napulizia dua. Mate sikuyafikiri."

"Na ulipoambiwa bibi ni wa ukoo wenu, ulikubali."

"Walisema wenye mashine. Ningewabishia kwa kipi?"

"Basi nieleze, ile dua ilikuwa ya nini?"

Nilimwona Ame akimtafuta mama yake kwa macho katikati ya wanawake, na alipompata aliendelea kumwangalia yeye, si Lukindo.

"Mara ya kwanza niliposhuka pale nikaona mafiga," akasema, "niliogopa. Mie nimezama miaka mingi, nimeona maiti, sikuogopa vile. Nilijiona nimeingia jikoni kwa mtu, mwenyewe hayupo. Nikapanda juu haraka. Toka siku hiyo, kila bomba nikilishusha, naanza kwa jina la Mungu, kisha nabisha hodi. Nasema, enyi wenyewe, tunaomba kupita, hatukuja kwa ubaya. Ndiyo dua yenyewe. Hodi tu."

"Kwa hiyo unakiri kwamba hapakuwa kwenu," akasema Lukindo.

Mama yake alikuwa ameshika shavu. Ame hakumwondolea macho.

"Mtu habishi hodi kwake. Si kwetu, nakiri. Ningekuwa najua ni kwetu ningeingia kimya." Sasa akamgeukia Lukindo. "Lakini wewe bwana, meli zako zile pale. Nyie mlimbishia nani hodi?"

Lukindo alifungua faili lake, akalifunga. Nilimshuku mtu yule tangu asubuhi, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa na aibu kama mtu mwingine yeyote.

Bi Salha aliandika muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi wake. Dai la Kijunde limefutwa. Litashushwa bomba moja safi, penye mafiga yale yale, leo kabla jua halijazama, likiongozwa na mzamiaji anayepajua. Vikipatikana vipande vya kale vya kutosha kumtaja mwenyewe bila kumshona, wajukuu wake watatafutwa popote walipo na kuombwa ridhaa. Visipotosha, mkondo uko wazi kwa meli.

Vipande vya kutosha. Nilikuwa nimeliona lile fungu dogo. Nilijua nilichokuwa nimewafanyia watu wale.

*

Tukarudi jukwaani. Bomba likachemshwa, likaoshwa, likasuuzwa. Safari hii mimi ndiye niliyelibeba, na barakoa nilizovaa zilikuwa mbili. Ame alisimama mbali, kwenye ukingo wa sitaha, mtungi mgongoni, mdomo umefunikwa, mikono kifuani.

Nilipofika penye winchi akainua mkono. Nasra akasimamisha kazi.

"Mie sisogei," akasema Ame kutoka kule kule, sauti imezibwa na kitambaa. "Nimeelewa. Mdomo wangu usikaribie. Lakini haliendi kimya kimya, dada Mize. Sishuki nyuma ya bomba lililoingia kwa watu bila hodi. Mnitafutie mzamiaji mwingine."

"Hakuna mwingine," akasema Nasra.

"Basi aseme yeye. Aliyebeba."

Wote wakanitazama, Lukindo pamoja nao. Mbali kule meli tatu zilikuwa zimekwisha kugeuza vichwa kuelekea kwetu. Mimi si mtu wa dua. Naitikia tu, kama mlivyosikia. Nililifunga bomba kwenye winchi, nikafunika mdomo wake kwa kifuniko kilichochemshwa, ambacho Ame angekifungua huko huko chini, nikarudi nyuma hadi ukutani. Nikageuka upande wa maji, mahali ambapo chini yake kuna mafiga matatu na jiko la mwanamke ambaye nilikuwa nimemvua uso asubuhi ile na huenda jioni nikampoteza kabisa.

"Hodi," nikasema.

Sauti ilinitoka ndogo. Ame akatikisa kichwa kwamba niendelee. Winchi ikaanza kuzunguka, bomba likagusa maji, likazama, naye akaruka akalifuata.

"Hodi," nikasema mara ya pili, kwa nguvu zaidi.

Kila mtu pale alikuwa anasubiri ya tatu. Sote tumelelewa hivyo: hodi ni tatu, na ya tatu ikipita bila jibu, mgeni anaondoka. Kamba ilikuwa bado inashuka. Nilifumba mdomo wangu nyuma ya barakoa zile mbili, nikaizuia ile ya tatu.